Kulenga Mahali Pasipo na Ndege

Old Warden ni kiwanja cha ndege cha nyasi huko Bedfordshire, Uingereza. Siku za maonyesho ya Shuttleworth Collection, ndege za enzi ya Vita Kuu ya Kwanza hutolewa bandani na kurushwa kweli: viunzi vya mbao, nyaya za kukaza mabawa, kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa mpaka kikakakamaa kama ngoma. Katika jimbo la New York, Marekani, kiwanja cha Old Rhinebeck alichokianzisha Cole Palen kimefanya kazi hiyohiyo kwa miongo kadhaa. Si ajabu kumkuta mpenzi wa ndege hizo ambaye wiki inayofuata atakuwa uwanja wa shabaha, bunduki ya marisau begani, akivunja visahani vya udongo vinavyorushwa hewani. Anayewatazama watu hawa kwa mbali atasema ni starehe mbili za wenye fedha na nafasi, zimekutana kwa bahati tu. Mimi nasema hazikukutana kwa bahati. Ndege ya kwanza iliyostahili kuitwa ya kupigana angani ilijengwa kuizunguka bunduki, na ujuzi ulioamua nani arudi nyumbani jioni ulikuwa umeshanolewa miaka mingi kabla, kwenye mashamba na mabwawa, na watu waliowinda ndege wenye manyoya au kucheza shabaha kwa kujifurahisha. Ila mchango wa watu hao ni mwembamba kuliko wanavyojisifu wenyewe, na huo wembamba ndio unaofaa kuchunguzwa.

Tuanze na mchezo. Karne ya 19 matajiri wa Ulaya walishindana kupiga njiwa hai waliofunguliwa ghafla kutoka vizimbani, na ushindani wa namna hiyo ulifanyika hata wakati wa Olimpiki ya Paris mwaka 1900. Njiwa walikuwa ghali, hawakupatikana kila siku, na walikuwepo waliochukizwa na mauaji hayo. Ndipo zikaingia tufe za kioo zilizorushwa kwa springi, na mwaka 1880 George Ligowsky wa Cincinnati akapata hataza ya kisahani cha udongo. Kisahani kilikuwa na faida ambayo tufe halikuwa nayo: kwa kuwa kinazunguka na ni bapa, hakiporomoki kama jiwe, kinateleza juu ya hewa kama kware aliyekurupushwa. Cha leo kina kipenyo cha sentimita 11 hivi. Kikikatiza mbele ya mpigaji kwa kasi ya kilomita 65 kwa saa, kinakwenda mita 18 kila sekunde. Marisau nayo hayafiki papo hapo. Kwa umbali wa mita 20 yanachukua kama sehemu sita za mia za sekunde, na ndani ya muda huo mdogo kisahani kimeshasogea mita moja na ushei. Kwa hiyo anayekilenga kisahani chenyewe atakikosa, tena kwa mbali. Sharti alenge mbele yake, mahali ambapo hapana kitu, na mtutu uendelee kutembea hata baada ya kufyatua. Hakuna mchezaji anayepiga hesabu hii kichwani. Mwili unajifunza kwa kukosa mara elfu, kisha unaacha kukosa bila kuweza kueleza ulichojifunza.

Watu walijaribu kuipandisha bunduki angani mapema mno, wakati ndege yenyewe ilikuwa bado inatambaa. Tarehe 20 Agosti 1910, huko Sheepshead Bay, New York, Luteni Jacob Fickel wa jeshi la Marekani alipanda ndege iliyorushwa na Glenn Curtiss akiwa na bunduki ya kawaida ya askari mkononi, akapiga shabaha iliyowekwa chini. Kati ya risasi nne, mbili zilipata. Hadi vita vinaanza Agosti 1914 maendeleo hayakuwa makubwa. Marubani na watazamaji wao walibeba bastola, bunduki fupi za wapanda farasi, na wengine bunduki zilezile za marisau walizozoea kuwindia bata. Tarehe 5 Oktoba 1914 Wafaransa Joseph Frantz na Louis Quenault, karibu na Reims, waliidondosha ndege ya Kijerumani kwa bombomu, na hilo linahesabiwa kuwa ushindi wa kwanza wa bunduki angani. Waliweza kwa sababu ndege yao aina ya Voisin ilikuwa na injini nyuma, mbele pako wazi. Ndege zilizokuwa na kasi zaidi ziliweka injini na propela mbele, na propela ilisimama katikati ya mpigaji na adui yake. Mfaransa Roland Garros alifunga kabari za chuma kwenye propela yake ili risasi chache zitakazoigonga zitawanyike pembeni, na Aprili 1915 akaangusha ndege kadhaa kabla ya kukamatwa tarehe 18 mwezi huohuo. Miezi michache baadaye kampuni ya Anthony Fokker ilileta ndege yenye mtambo uliounganisha bunduki na injini, risasi ikatoka pale tu ambapo panga la propela halipo mbele ya mtutu.

Hapa ndipo mambo yalipogeuka. Bombomu lilipofungwa mbele na kutazama mbele daima, rubani hakuwa tena na bunduki ya kugeuza huku na huko. Ili alenge, ilibidi aigeuze ndege nzima. Usukani ukawa kitako cha bunduki, mabawa yakawa mabega. Tangu siku hiyo kuruka vizuri na kupiga vizuri vilikuwa kazi moja, na swali likawa: kati ya hayo mawili, lipi lilimpungukia mtu zaidi? Jibu la kumbukumbu za vita ni la kushangaza kidogo. Kuruka kulifundishika. Katika miezi michache kijana wa miaka 20 aliweza kupandisha ndege, kuikunja na kuishusha bila kuivunja. Shule za mwanzo zilifundisha hayo, na somo la kupiga kitu kinachokimbia likaguswa juujuu. Aliyekuja nalo kutoka kwao alikuwa mbele ya wenzake kwa hatua ndefu.

Manfred von Richthofen, Mjerumani aliyetambulika kwa ushindi 80 kabla ya kuuawa tarehe 21 Aprili 1918, ndiye mfano unaotajwa kwanza, na kwa haki. Alizaliwa mwaka 1892 karibu na Breslau katika ukoo wa kikabaila ambao kwao kuwinda kulikuwa sehemu ya malezi. Alianza vita akiwa askari wa farasi. Alipohamia kwenye ndege hakuwa na kipaji cha pekee cha kurusha. Safari yake ya kwanza peke yake iliishia kwa kuivunja ndege wakati wa kutua. Hata alipokuwa maarufu kupita rubani yeyote wa nchi yake, likizo yake aliitumia msituni, na mwaka 1917 alikwenda kwenye milki ya mtawala wa Pless kumpiga nyati wa Ulaya. Katika kitabu alichokitoa mwaka huohuo, aliieleza kazi yake kwa msamiati wa uwindaji, akajitofautisha na ndugu yake Lothar: yeye mwindaji, ndugu yake mpigaji tu, mtu wa kufyatua kwa raha ya kufyatua. Kujipamba kupo humo, na kitabu kilitoka vitani kikiwa na kazi ya kuwatia watu moyo. Hata hivyo tofauti aliyoiweka ina maana, nami nitairudia.

Upande wa pili wa mstari alikuwepo Billy Bishop, Mkanada wa Owen Sound, Ontario, ambaye utotoni alipiga kuchakuro kwa bunduki ndogo. Alihesabiwa ushindi 72. Wanahistoria wamebishana sana kuhusu hesabu hiyo, hasa kuhusu shambulio alilosema alilifanya peke yake Juni 1917, nami sioni haja ya kuingia ugomvi huo. Hata ukizipunguza namba zake, linabaki jambo ambalo marafiki na mahasimu wake wanakubaliana. Alikuwa rubani wa wastani, mzito wa kutua, ambaye mwanzoni mwa mwaka 1917 aliponea chupuchupu kurudishwa shule. Macho na mkono wake juu ya bunduki ndivyo vilivyombakiza. Mfaransa René Fonck, mwenye ushindi 75 uliothibitishwa, mkubwa kuliko wa rubani yeyote wa Washirika, alikuwa kitu kingine kabisa. Mara mbili katika mwaka 1918, tarehe 9 Mei na tarehe 26 Septemba, aliangusha ndege sita kwa siku moja, na alifanya hivyo kwa risasi chache mno kwa kila ndege. Wenzake hawakumpenda kwa majigambo yake. Lakini hakuna aliyekana kwamba mtu yule alijua mahali ndege ya adui itakapokuwa kabla yenyewe haijafika.

Tupige hesabu yake kama tulivyopiga ya kisahani. Ndege ya wakati huo ikikatiza mbele yako kwa kilomita 160 kwa saa inakwenda mita 44 kila sekunde. Risasi ya bombomu inatoka na kasi ya mita 740 hivi kwa sekunde, kisha inapungua njiani, kwa hiyo umbali wa mita 200 unaichukua kama sehemu tatu za kumi za sekunde. Ndege imeshasogea mita 13. Albatros ya Kijerumani ilikuwa na urefu wa mita saba na kitu, maana yake ni kwamba mpigaji alitakiwa kulenga mbele ya pua ya adui karibu urefu wa ndege mbili. Mtu asiyewahi kupiga chochote isipokuwa shabaha ya karatasi iliyotulia haamini jambo hilo hata akifundishwa. Jicho linamkatalia. Ndiyo maana Waingereza walifunga mbele ya rubani pete ya waya, iliyopimwa kwa kasi ya kawaida ya ndege za wakati huo, ili ndege ya adui ikiwa kwenye ukingo wa pete na pua yake imeelekea katikati, risasi zikutane nayo. Aliyekua akipiga bata jioni bwawani alibeba pete hiyo kichwani.

Msomaji makini atakuwa ameshaona pengo. Ushindi mwingi wa vita vile haukupatikana kwa kupiga ndege inayokatiza mita 200 mbali. Oswald Boelcke, mwalimu wa Richthofen, aliyefikisha ushindi 40 kabla ya kufa katika ajali ya kugongana angani Oktoba 1916, aliwaachia marubani wa Kijerumani kanuni maarufu, na mojawapo inasema usifyatue mpaka umekaribia na adui amekaa sawasawa kwenye kilengeo. Ukimfuata adui kwa nyuma, mkia wake ukiwa mbele yako, hakatizi; hakuna haja ya kulenga mbele. Na kwa umbali wa mita 50, hata akikatiza, anasogea mita tatu tu kabla risasi haijafika, kiasi kwamba anayelenga pua bado ana nafasi ya kupata sehemu ya kiunzi. Wahanga wengi hawakumwona aliyewapiga. Je, basi, kile kipaji cha mpiga kware kilikuwa na kazi gani?

Pingamizi hili ni zito, nami nadhani linaipa hoja sura yake ya kweli badala ya kuivunja. Wawindaji si wa namna moja. Yupo anayetembea na mbwa wake majanini, ndege wakaruka ghafla, akapiga kwa silika. Na yupo anayekaa juu ya dungu tangu alfajiri akimsubiri kulungu, anayepima upepo na kumwacha mnyama akaribie hatua kumi zaidi ya pale ambapo mwenye papara angefyatua. Ukabaila wa Prussia ulimlea Richthofen katika namna hii ya pili. Kanuni za Boelcke, ukizisoma bila kujua ni za vita, ni maelekezo ya kunyemelea: kaa upande wa jua, mkaribie windo lisikuone, usifyatue mapema, usimwache uliyemwanza. Fonck alipiga kama mtu wa namna ya kwanza. Mafunzo hayo mawili yote yalitoka kwenye bunduki ya starehe, lakini yalitoa wapiganaji wasiofanana. Ndiyo maana ile tofauti ya Richthofen, mwindaji kwa upande mmoja na mpigaji kwa upande mwingine, haikuwa majivuno matupu. Alikuwa akieleza aina mbili za ujuzi, ingawa aliipa aina yake heshima kubwa zaidi, kama watu wafanyavyo.

Pingamizi la pili linakuja na majina. Georges Guynemer, kipenzi cha Wafaransa, mwenye ushindi 53, alikuwa kijana dhaifu wa mwili ambaye jeshi lilimkataa zaidi ya mara moja kabla ya kumwingiza kama mwanafunzi wa ufundi. James McCudden wa Uingereza, mwenye ushindi 57, alikuwa mtoto wa askari aliyeanza kama mpiga tarumbeta kisha akawa fundi wa injini. Mick Mannock, anayehesabiwa ushindi 61, alitoka katika ufukara na hakuwa na shamba la kuwindia. Hawa hawakulelewa na bunduki za starehe, na bado walifika kileleni. Kweli. Lakini tazama walivyofika. McCudden alizifungua bunduki zake, akazipanga na kuzijaribu mwenyewe bila kuchoka, kisha akawavizia watazamaji wa Kijerumani akiwa juu sana ambako wengine hawakufika. Mannock alipata shida ya kupiga mwanzoni, akarudi tena na tena kwenye uwanja wa shabaha mpaka shida ikaisha. Walinunua kwa jasho kile ambacho watoto wa wenye mashamba walikirithi. Hilo linaniambia kwamba ujuzi wenyewe ulikuwa ndio ufunguo, na kwamba damu ya kikabaila haikuwa na lolote la ziada, jambo ambalo baadhi ya wapenzi wa enzi hiyo hadi leo hawapendi kulisikia.

Lipo pingamizi la tatu, gumu kuliko yote, na sina jibu lake kamili. Tunawajua waliosalia muda wa kutosha kupata majina. Wawindaji hodari waliokufa wiki yao ya kwanza juu ya Ufaransa, kwa injini kuzimika au mabawa kukatika au kwa kutoangalia nyuma mara moja tu, hakuna aliyewaandika kama ushahidi. Ukitazama washindi peke yao, kila tabia yao itaonekana kuwa siri ya ushindi. Kwa hiyo simulizi za marubani mashuhuri, hata zikiwa nyingi, hazitoshi. Panahitajika ushahidi wa namna nyingine, yaani watu wengi wa kawaida waliofundishwa kwa njia hiyo, na ushahidi huo ulikuja katika vita vilivyofuata.

Kabla ya kufika huko, inafaa kushuka Afrika Mashariki, kwa sababu historia ya kwetu inaonyesha mpaka wa hoja yenyewe. Mwezi Septemba 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko. Aliyesaidia kuitafuta kwa miguu na mtumbwi alikuwa mwindaji wa tembo, P. J. Pretorius, aliyeijua nchi ile. Aliyeitafuta kutoka juu alikuwa Dennis Cutler, rubani wa kiraia aliyekuja na ndege yake ya kutua majini, na ambaye Desemba 1914 alitekwa na Wajerumani baada ya kulazimika kutua. Mwaka 1915 Waingereza walitengeneza kiwanja kisiwani Mafia, na tarehe 11 Julai rubani John Cull na mtazamaji wake Harwood Arnold wakazunguka juu ya delta wakipeleka kwa simu ya upepo habari za mahali makombora ya meli za Severn na Mersey yalipoangukia. Ndege yao ilipigwa, injini ikafa, na huku wakishuka mtoni Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Siku hiyo Königsberg ikawa si meli tena. Mwaka 1916 ndege za Wabelgiji zilizotua juu ya maji ya Ziwa Tanganyika, karibu na mji ambao leo ni Kalemie, zilikwenda kuipiga Kigoma kwa mabomu. Katika yote hayo hapakuwa na rubani aliyempiga rubani. Thamani ya ndege ilikuwa macho, na huko Ulaya pia jambo lilikuwa hivyohivyo kwa sehemu kubwa: ndege za kupigana zilikuwepo ili kuzilinda au kuzizuia ndege za kutazama na kupiga picha. Anayeipenda ndege ya kivita kwa ajili ya mapambano peke yake anapenda sehemu ndogo ya kazi yake. Ujuzi wa Pretorius wa kusoma nyayo, kwa maana hiyo, ulikuwa karibu na kazi kuu ya ndege kuliko shabaha ya Bishop.

Wapo wanaosema mazungumzo yote haya yananuka, kwamba kuuita uuaji wa binadamu uwindaji ni kuupaka rangi. Sibishani nao. Richthofen aliagiza kwa sonara wa Berlin kikombe kidogo cha fedha kwa kila ndege aliyoiangusha, mpaka vilipofika 60 na fedha ikaadimika, na chumba chake kilijaa vitambaa vyenye namba vilivyokatwa kwenye mabaki ya ndege za aliowaua, kama wengine wanavyopamba ukuta kwa pembe. Msamiati wa uwindaji uliwasaidia vijana wale kulala usiku, na uliwasaidia wakubwa wao kuwatuma tena asubuhi. Lakini uwindaji wenyewe una sheria ambazo vita havina, na walioziheshimu walijua tofauti. Baada ya vita, Denys Finch Hatton, mwindaji wa Kenya aliyepinga hadharani tabia ya kuwapiga wanyama kutoka ndani ya magari, alinunua ndege ndogo na kuanza kuitumia kutafutia makundi ya tembo. Alikufa nayo Voi tarehe 14 Mei 1931. Beryl Markham naye alipata riziki kwa kuwatafutia wawindaji tembo kutoka angani. Mnyama anayeonekana kutoka juu amekwisha kupoteza nusu ya nafasi yake, na sijui kama Finch Hatton alipata muda wa kulipima hilo dhidi ya aliyoyaandika kuhusu magari.

Sasa ushahidi wa wengi. Miaka ya 1920 huko Andover, Massachusetts, wapiga kware kina Charles Davis na William Foster walikuwa wamebuni skiti, mchezo ambao mpigaji anahama vituo kwenye nusu duara huku visahani vikimjia kutoka vibanda viwili, ili apate kila pembe ambayo ndege wa porini anaweza kumpa. Marekani ilipoingia Vita vya Pili ilihitaji haraka maelfu kwa maelfu ya wapiga bombomu wa kukaa ndani ya ndege kubwa za mabomu, vijana wa mashambani na wa mijini, wengi wao hawajawahi kushika bunduki. Jeshi halikuwapeleka moja kwa moja angani. Katika shule za Las Vegas, Harlingen, Tyndall na kwingineko, liliwapa bunduki za marisau na kuwasimamisha uwanja wa skiti, kisha likawapandisha nyuma ya malori yaliyokuwa yakikimbia huku visahani vikirushwa kandokando ya njia. Jeshi linalohesabu kila risasi halitumii mamilioni ya marisau kwa ajili ya burudani. Uingereza nako Johnnie Johnson, miongoni mwa marubani wake waliofanikiwa zaidi katika vita hivyo, aliamini kwamba aliyezoea kupiga ndege wa porini alikuwa na faida iliyo wazi juu ya mwenzake.

Lakini shule hizo za Marekani ziligundua pia kitu kilichowaaibisha wapenzi wa skiti. Mpigaji uwanjani amesimama. Mpiga bombomu yuko ndani ya ndege inayokwenda mamia ya kilomita kwa saa, na risasi yake inaondoka ikiwa imeibeba kasi hiyo. Adui anayekuja kwa mkunjo kutoka ubavuni huku akiielekeza pua yake kwenye ndege kubwa hatakiwi kulengwa mbele yake, kama kware. Anatakiwa kulengwa upande wa mkia wa ndege ya mpigaji mwenyewe, kinyume kabisa na silika ya bwawani. Kijana aliyekuwa bingwa wa visahani alimkosa adui kwa ustadi. Ikabidi jeshi litunge kanuni mpya ya kulenga na kuwafanya watu waikariri dhidi ya miili yao. Skiti iliwapa wepesi wa mkono, utulivu na imani kwamba kitu kinachokimbia kinalengwa pasipo chenyewe. Upande gani na kiasi gani, hayo ilibidi wajifunze upya.

Muda si mrefu hata sehemu hiyo ilichukuliwa na mashine. Taasisi ya Farnborough huko Uingereza ilikuwa inatengeneza kilengeo chenye gurudumu dogo linalozunguka kwa kasi, ambalo lilipima jinsi rubani alivyoigeuza ndege yake kumfuata adui na kusogeza alama kwenye kioo mpaka mahali hasa pa kulenga. Rubani aliweka upana wa mabawa ya adui, akapindisha mpini kuonyesha umbali, na kioo kikamfanyia yale aliyoyafanya Fonck kwa macho yake. Toleo lililofanya kazi vizuri lilifika vikosini kuelekea mwisho wa vita, na Wamarekani wakalitengeneza kwao kwa jina la K-14. Marubani wa kawaida, wasio na shamba wala mbwa wa kuwindia, walianza kuangusha ndege zinazokatiza kwa pembe ambazo miaka miwili nyuma zilikuwa za wateule wachache. Kule Old Warden, ndege zinazopaa siku za maonyesho hazina hata pete ya waya inayohitajika tena kwa kazi yake, na anayetaka kujua ile sehemu tatu za kumi za sekunde ilivyohisiwa na mwili wa binadamu itabidi aende uwanja wa visahani, asimame kituo cha katikati, na akose.